Dimbwi uani? Siku ya tatu mpe jembe!

  Kama wakati huu umejilaza unatetemeka chini ya blanketi, basi pole sana, nakuombea upone haraka, maana leo nataka tuzungumze habari za kitu ambacho pengine ndicho kilichokulaza hapo kitandani. Nazungumzia lile dimbwi la uani kwako.

Najua wengine mmeshaanza kuguna. Mmefungua ukurasa huu mkitegemea habari za mapenzi na mitindo ya nywele, halafu nawaletea matope! Lakini hata mapenzi, ndugu yangu, yanataka uwanja mkavu. Utamkaribishaje mtoto wa watu, kajipulizia manukato yake, kavaa viatu vyeupe, halafu umwambie aruke juu ya matofali matatu kama anayevuka mto Ruvuma? Akiteleza hapo huna mchumba tena. Hiyo ni 'soo'.

Mimi nimepanga Masasi, chumba na sebule, katika mtaa ulio chini ya vilima. Bibi yangu mzaa mama yuko Newala. Kutoka kwangu hadi kwake ni kama kilomita 70 tu, ukipata gari zuri unakula huko chakula cha mchana. Lakini mvua ikinyesha, utadhani hizi ni nchi mbili. Kwangu wapangaji tunakimbizana na majembe tukitafuta pa kuyapeleka maji. Kwa bibi watu wanakimbizana na ndoo, mabeseni na masufuria wakitafuta cha kuyakingia. Mvua ni ile ile, inaanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Kinachotofautiana ni ardhi inayoipokea, na hilo ndilo wengi wetu hatulitazami kabla ya kuanza kuchimba ovyo.

MWAMBA NA MCHANGA

Aliyewahi kufika Masasi anavijua vile vilima vya mawe vilivyosimama peke yake, kama Mtandi, pale lilipo kanisa kuu la Waanglikana. Ni mwamba mtupu. Mwamba haunywi maji. Mvua ikipiga pale juu, maji yote yanateremka kwa pamoja na kwa haraka kuja mitaani. Yakifika bondeni yanakuta mahali pengi udongo wa mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu mpaka unarefuka kimo. Mfinyanzi ukishashiba maji haupitishi tena. Hapo ndipo dimbwi linapozaliwa.

Newala ni kinyume chake. Uwanda wa Makonde kwa sehemu kubwa ni mchanga mzito uliokwenda chini sana. Maji yanazama, yanapotea, na yanakuja kutokea kwenye chemchemi kule chini ya mteremko. Ndiyo maana juu huko huoni mto wala ziwa. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akiandika habari za wenyeji, aliyaona haya haya, watu wanaishi juu lakini maji wanayafuata mbali bondeni. Bibi naye ananiambia alipokuwa msichana walikuwa wanatoka kabla ya jogoo, wanateremka na mitungi, na jua linawakuta bado wanapanda. Kuanzia miaka ya 1950 ndipo mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma kwa mashine kutoka bonde la Kitangari kuja juu, na mpaka leo chanzo cha Mitema ndicho kinachotegemewa na watu wengi wa Newala na Tandahimba.

Sasa usije ukasema, "Basi Newala hakuna madimbwi." Yapo! Hata mchanga ukikanyagwa kila siku na watu, mbuzi na pikipiki, sura yake ya juu inakuwa ngumu kama sahani na maji yanakaa.

Na yupo adui mwingine ambaye hatumshuku hata kidogo, naye ni fagio. Sisi tumelelewa kuamini kwamba ua uliofagiliwa ukabaki na mistari ya chelewa ndio ua wa watu wastaarabu. Sawa, usafi ni mzuri. Lakini kila asubuhi fagio linachukua udongo kidogo na kuupeleka jalalani au kwenye ua wa michongoma. Fanya hivyo miaka kumi, katikati ya uwanja panakuwa shimo kama sinia, na msingi wa nyumba unabaki nje kama meno ya mzee. Halafu tunalalamika kuwa maji yanatuonea!

KASHESHE LA KOROSHO

Niwape mkasa wa mtaani kwetu muone dimbwi linavyoweza kuvunja ujirani.

Ilikuwa Desemba, mvua kubwa ya kwanza. Uani kwetu maji yalijaa mpaka mlango wa jiko la nje. Kijana wa mama mwenye nyumba, kwa kutaka sifa, akachukua sululu akatoboa tundu chini ya ukuta wa upande wa bondeni. Maji yakaondoka kwa kelele, uwanja ukakauka, kijana akapongezwa, tukalala.

Asubuhi mzee jirani wa upande wa chini akabisha hodi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya chini, na hakukaa kwenye kiti alichopewa. Maji yetu yalikwenda moja kwa moja ghalani kwake, yakalowanisha magunia mawili ya korosho aliyokuwa anayasubirisha apeleke chama cha msingi. Wenyeji wa Masasi mnajua maana yake. Korosho ikilowa inaota ukungu, inashuka daraja, au inakataliwa kabisa kwenye mizani. Na fedha ya korosho kwa huku kwetu ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo nguo ya sikukuu.

"Mama," mzee akasema, "mimi sina ugomvi na mvua. Ugomvi wangu ni na lile tundu."

Mama mwenye nyumba akataka kujitetea kwamba maji hayana mwenyewe. Mzee akaondoka bila kuaga. Wiki mbili salamu zikakatika, watoto wakakatazwa kucheza pamoja, na sisi wapangaji tukawa tunapita katikati kama wapatanishi wa Umoja wa Mataifa.

Suala likafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilidhani atauliza nani mwenye kosa. Yeye akauliza, "Haya maji yanatoka wapi?" Hakuna aliyejua! Tulikuwa tunagombania mkia wa nyoka, kichwa hatukijui. Akatuambia tusubiri mvua inyeshe, kisha tutoke nayo.

Ikanyesha Jumapili jioni. Tukatoka watu wazima kwa watoto, wengine wamejifunika mifuko ya nailoni, tukayafuata maji kwa kuyapanda. Yakatupitisha uani kwetu, kwa jirani wa juu, kwa jirani wa pili, mpaka barabarani. Pale kwenye kalavati tukakuta chupa za plastiki, magunia, majani ya minazi na kandambili moja vimeziba kabisa. Maji ya mlimani yalikuwa yakifika pale yanakosa njia, yanaruka barabara na kuingia kwenye nyumba zetu nne. Kwa hiyo tundu la kijana lilikuwa tatizo la mwisho, na kalavati ndilo lilikuwa la kwanza.

Jumamosi iliyofuata nyumba zote nne zilitoa watu. Tukazibua kalavati, tukachimba mtaro mmoja kando ya barabara mpaka kwenye korongo la mto. Tundu likazibwa kwa saruji. Mama akakubali kumlipa mzee korosho zake kidogo kidogo, na mzee akakubali kungoja. Siku ile ile nikaona mtoto wa kwa mzee amerudi kucheza kwetu. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia ukavu wenyewe.

MGENI SIKU MBILI

Wahenga wana msemo wao kuhusu mgeni, kwamba siku mbili anakirimiwa na siku ya tatu anapewa jembe. Mimi naomba tuutumie kwa madimbwi. Maji yakikaa uani siku moja, vumilia. Siku ya pili, anza kuyatazama kwa jicho baya. Yakiiona siku ya tatu, toa jembe.

Sababu ni mbu. Mbu anayeambukiza malaria anapenda sana vidimbwi vidogo vya mvua vilivyo juani, hata vya alama ya tairi. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, kwa joto letu hili, ni kama siku 7 hadi 14. Ukilikausha dimbwi kabla ya wiki kwisha umeua ukoo mzima. Mbu wa aina nyingine, wale wanaopenda maji machafu ya bafuni na ya chooni, ndio wanaoeneza ugonjwa wa matende na mabusha, ambao watu wa pwani na wa kusini tunaujua vizuri. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alipelekwa hospitali kwa malaria mara mbili msimu ule. Sisemi ni mbu wa dimbwi letu, maana mbu hawavai namba za nyumba. Nasema tulikuwa na kiwanda uani, na kiwanda kikiwapo mali lazima itoke.

Wapo wanaomwaga oili chafu ya gari ili kuua viluwiluwi wa mbu. Acheni hiyo. Oili inaharibu udongo na inafika visimani. Zipo dawa za kuua viluwiluwi, na pale Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Muulize bwana afya wa kata yako. Lakini dawa ni ya dimbwi lililoshindikana, lako la uani linataka jembe.

FANYA HIVI

Kwanza, pima udongo wako kabla hujamwita fundi akakutoza 'mshiko' wa bure. Chimba shimo la futi moja kwenda chini, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena. Yakiisha kwa saa chache, udongo wako unakunywa, na karo la kokoto litakufaa. Yakiamka nawe kesho yake, usichimbe karo, utakuwa umechimba kisima cha mbu. Hapo dawa ni mtaro.

Pili, jua mteremko. Mafundi wana mpira wao mwembamba unaoonyesha ndani, wanaujaza maji, mmoja anashika huku na mwingine kule. Maji kwenye ncha mbili hukaa usawa mmoja daima, hayajui rushwa. Pembeni ya nyumba uwanja ushuke kama sentimita 2 kwa kila mita moja kwenda nje. Mtaro wa udongo unatosha sentimita 1 kwa kila mita. Ukiwa na mita 10 za mtaro, mwisho wake uwe chini kwa sentimita 10. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne anaiweza.

Tatu, jaza lile sinia. Tumia moramu au changarawe, mwaga tabaka la kiganja kimoja, nyunyiza maji kidogo, shindilia, kisha tabaka lingine. Usijaze takataka wala mfinyanzi, na usipandishe udongo ukapita msingi. Nyumba nyingi za kwetu ni za matofali mabichi au miti na udongo, na ukuta wa namna hiyo ukikaa na unyevu unalainika kutoka chini, siku moja unakaa kitako wenyewe.

Nne, maji ya bafuni na ya vyombo usiyachanganye na ya mvua. Yapeleke kwenye migomba. Mgomba unapenda maji. Mpapai usiupande hapo, miguu yake ikilowa sana inaoza.

Tano, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni, usimpelekee jirani. Kama mtaro wako unaishia kwenye ukuta wa mwenzio, bado hujamaliza kazi. Mwite, mkae, mchimbe pamoja.

Kwa walio Newala naongeza jambo moja. Wageni wote wakifika huko wanapelekwa Shimo la Mungu, wanapiga picha, wanatazama jinsi uwanda unavyokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Mandhari ni 'bomba' kwelikweli. Lakini pia ni somo, kwamba kwenye mchanga na mteremko mkali maji ya kasi yanakata ardhi. Ukiyakusanya maji ya uani yote ukayaachia mahali pamoja, mwaka wa kwanza ni kijifereji, mwaka wa tatu ni korongo, na korongo halirudi nyuma, linapanda kuja nyumbani kwako. Pale maji yanapotokea panga mawe, panda ukoka, yagawanye njia mbili tatu yapoteze nguvu.

BIBI NA NDOO ZAKE

Mara ya mwisho nilipokwenda Newala nilimsimulia bibi mkasa wa korosho. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, nyie huko mna maji mpaka mnagombania kuyatupa?"

Nikacheka, lakini hesabu yake iko sawasawa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba ya bibi ni mita 8 kwa 6, yaani mita za mraba 48 za bati. Ikinyesha mvua ya milimita 25, ambayo kwetu ni mvua ya jioni moja, bati lake linapokea lita 1,200. Hizo ni ndoo 60 za lita 20! Huku kwingine ndoo hizo 60 zingeanguka kwenye mchirizi, zikachimba msingi, zikafanya dimbwi, zikazaa mbu. Kwa bibi zinapita kwenye gata na kuingia kisimani.

Kisima chake ni kile cha kawaida cha huko, kimechimbwa uani, kikasakafiwa kwa saruji na kufunikwa. Kina mita 2 kwa 2, kina chake mita 2 na nusu. Kikijaa ni lita 10,000, ndoo 500. Akitumia ndoo 4 kwa siku anafika miezi minne ndani ya kiangazi bila kununua ndoo hata moja. Na uani kwake, hata ikinyesha usiku kucha, unaweza kucheza rede asubuhi.

Ana masharti yake lakini. Mvua ya kwanza haiingii kisimani, bomba linageuzwa nje. Bati linakuwa na vumbi, mavi ya popo, na huko kwenye mikorosho kuna salfa inayopulizwa kiangazi kuzuia ubwiriunga. Bati lioge kwanza. Mdomo wa bomba una kipande cha chandarua, mbu asiingie. Mfuniko unafungwa kwa kufuli, kwa sababu kisima kilicho wazi ni hatari kwa mtoto kuliko dimbwi lolote. Na ya kunywa anachemsha.

Nimerudi Masasi na somo hilo. Tumezungumza na mama mwenye nyumba, tumefunga gata upande mmoja na pipa mbili. Si kisima, lakini sehemu kubwa ya maji ya upande ule haifiki tena uwanjani, na nguo zetu tunafulia bure.

Haya, usiniambie utafanya msimu ukifika. Kimbunga Hidaya kilipokuja mwanzoni mwa Mei 2024, watu wengi walishahesabu kuwa masika yanakwisha, na mvua ile ikakata hata barabara ya Lindi na Dar es Salaam pale Somanga. Mtaro unachimbwa jua likiwaka. Jumamosi hii, badala ya kukaa kijiweni kubishana Simba na Yanga mpaka magharibi, chukua jembe, mgongee jirani wa juu na jirani wa chini, nendeni mkatazame kalavati la mtaa wenu. Mkilikuta limeziba, mnajua la kufanya.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Kwa leo kwaherini, na mlale ndani ya chandarua.